Huruma Isiyo na Kipimo

Mtu hawezi kuwaonya wenziwe juu ya kosa ambalo yeye mwenyewe amelificha. Kwa hiyo twaanza kwa kulikiri letu. Sisi ni mwalimu wa chuo, umri wetu umepita miaka hamsini, na elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Si tabibu wa watu wala wa wanyama. Tutakayoyasema yalitufika nyumbani kwetu, na mengine tulifunzwa na wanaoyajua.

Hapa kwetu Tanga alitujia paka dume, mdogo na mnyonge, mbavu zake zahesabika. Watoto wa chuo wakamwonea huruma, wakamwita Tajiri. Huyu alimletea kichwa cha samaki, yule kipande cha andazi, na mwingine maziwa; jioni naye akapata wali na nyama kutoka sahani zetu. Kila mmoja alitoa kidogo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake atoaye. Ilipopita miaka mitatu, Tajiri hakuweza tena kurukia dirisha, wala kuufikia mgongo wake kwa ulimi, hata manyoya yake yakashikamana. Akipanda vidaraja viwili alitweta. Nasi tulicheka, tukaona kunenepa kwake ni alama ya neema nyumbani.

Siku moja mgeni alituambia kwa mzaha, "Maalim, huyu ni paka au ni gunia la mchele?" Maneno yale yalituchoma. Bila ya kumwuliza mjuzi yeyote, tukaamua kumfungisha. Tukamtia ghalani na bakuli la maji, tukafunga mlango, tukasema, siku tatu zitamtosha.

Wiki ile ile tulikuwa tukiwasimulia watoto hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, akamnyima chakula, asimwache akajitafutia. Siku ya tatu mtoto mmoja alikwenda ghalani kuchukua ufagio. Akarudi, akasimama mbele yetu, akauliza kwa adabu, "Maalim, na Tajiri naye amefanya nini?" Hatukuwa na jawabu. Miaka mingi tumewauliza watoto masuali. Siku ile tuliulizwa sisi.

Tulimfungulia mara ile, tukamwekea samaki. Hakumgusa. Kesho yake hakula, na kesho kutwa vile vile. Na weupe wa macho yake ukaingia rangi ya manjano. Tukamtia katika kikapu, tukampeleka kwa daktari wa mifugo, naye ni binti wa rika la watoto wetu. Alituamkia shikamoo, akamtazama paka, kisha akasema kwa upole, "Maalim, bora ungalimwacha na unene wake kuliko kumkatia chakula ghafula."

Akatueleza kuwa mwili wa paka haustahimili njaa kama mwili wa binadamu afungaye. Paka mnene akikaa siku kadhaa bila ya kula, mafuta ya mwilini humiminikia katika ini, nalo likalemewa na kushindwa na kazi yake. Ndipo macho na fizi hugeuka manjano, hamu ya kula ikapotea kabisa, na asipolishwa kwa msaada hufa. Kwa hiyo dawa yake kubwa ilikuwa ni chakula kile kile tulichomnyima. Kwa wiki tatu nyumba nzima tulimlisha kwa bomba la sindano lisilo sindano, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Usiku wa mwanzo hatukupata usingizi. Tulikuwa tukisikiliza kama bado anapumua.

Mwenyezi Mungu alimponya. Baada ya hapo daktari alitufunza njia iliyo sawa, nasi twaieleza ili wengine wasipite tulikopita.

Kwanza, ujue hali ya mnyama wako kwa mkono. Pitisha vidole ubavuni mwake. Mbavu zikihisika kwa urahisi, kama vile uhisivyo mifupa ya mgongo wa kiganja chako, hiyo ni hali njema. Ikikubidi ubonyeze ndipo uzipate, amezidi. Tena mtazame kutoka juu. Yafaa kiuno chake kionekane.

Pili, apungue polepole. Daktari alitutajia kiasi cha sehemu moja katika mia ya uzito wake kwa wiki. Kwa paka wa kilo 6, hizo ni gramu 60 tu. Mwenye duka mtaani petu alitukubalia mizani yake, nasi kila baada ya wiki mbili tulimpima Tajiri ndani ya kikapu, kisha tukatoa uzito wa kikapu.

Tatu, mlishaji awe mmoja na kipimo kiwe kimoja. Tulitenga kikombe maalumu, asubuhi na jioni, na chakula chenyewe kikawa samaki au nyama iliyochemshwa pamoja na chakula cha paka alichotuagizia daktari. Andazi na wali vikakoma, maana paka ameumbwa mla nyama. Maziwa pia yalikoma, kwani paka wengi wakubwa hayawakubali tumboni. Na mchuzi wenye vitunguu ni sumu kwake.

Nne, watoto wasinyimwe kumpenda. Tuliwapa uzi wenye kitambaa mwishoni, wakawa wakimkimbiza kwa mchezo dakika chache baada ya masomo.

Kwa njia hiyo Tajiri alitoka kilo 6 na nusu akafika kilo 5, nasi tulihesabu miezi saba. Sasa hulala dirishani kama zamani.

Na mwenye mbwa wa ulinzi wa nyumba au mifugo, ulinzi ambao sharia imeuruhusu, naye asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Mwaka 2002 huko Marekani yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa mbwa 48 wa kabila la Labrador, waliofuatwa maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Hao waliokula pungufu waliishi zaidi kwa karibu miaka miwili, na maumivu ya viungo yaliwachelewea. Basi kumjaza mbwa makombo kila atikisapo mkia ni kumfupishia umri wake.

Wazee wetu wamesema kuwa haraka haraka haina baraka. Tulimdhuru kiumbe yule mara mbili: kwanza kwa mkono uliotoa bila ya hesabu, kisha kwa mkono uliozuia bila ya elimu. Aliye chini ya ulinzi wetu hana ulimi wa kutushitakia. Basi yatupasa tumpimie haki yake, isizidi wala isipungue, na tusilolijua tumwulize ajuaye, japokuwa ni mdogo wetu kwa umri.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosa, na amlipe kheri mtoto yule aliyetuuliza. Amin.