Nyumba Nayo Hupumua

Mvua zilipozidi mwaka jana hapa Nyegezi, tuliliingiza jiko la mkaa ndani. Haikupita wiki mke wangu akawa anaumwa kichwa kila jioni, na mtoto wetu mdogo akalegea. Nilishuku malaria, vipimo havikuonyesha kitu.

Ndipo mama alipotutembelea. Aliinua macho ukutani, akauliza, "Mwanangu, matundu haya ya hewa yalisafishwa lini?" Sikuwa na jibu.

Nilipanda juu ya meza. Wavu wa kuzuia mbu ulikuwa umezibwa na masizi, vumbi na mizoga ya wale wadudu wa ziwani wajao kama wingu la moshi. Nikajaza nusu karai.

Moshi huonekana, lakini kaboni monoksaidi, gesi itokayo kwenye mkaa, haina rangi wala harufu, nayo huua. Matundu safi pekee hayatoshi kuiondoa. Sasa jiko hukaa barazani, mvua inyeshe isinyeshe, na kila Jumamosi nyavu hupigwa brashi. Maumivu yale hayakurudi. Kazi yenyewe ni ya nusu saa tu, nami nilikuwa nimeiahirisha tangu tuhamie.