Barua kutoka Montreal: Pete Itatundikwa Wapi?

Ndugu zangu wa Arusha,

Huku Montreal sarakasi ni ajira na ni somo la darasani. Shule ya taifa ya sarakasi ilianzishwa mwaka 1981, na miaka mitatu baadaye Cirque du Soleil ikazaliwa katika jimbo hilihili la Quebec. Hata makarani na walimu hulipa ada jioni ili wajifunze pete: bomba la chuma lililokunjwa duara, upana wake karibu mita moja, likatundikwa juu, mtu huketi ndani yake, hujikunja, huning'inia kichwa chini. Naamini pete hiyo itashamiri Arusha, maana vijana wenye kipaji wapo na hoteli za watalii zinataka burudani. Kinachonihangaisha ni nani ataitundika, na kwenye nini.

Sarakasi yetu ina heshima yake. Miaka ya 1960 serikali ilipeleka vijana China kuisomea, na mwaka 2024 Watanzania wawili, Ramadhani Brothers, walishinda America's Got Talent: Fantasy League, mmoja akiwa amesimamisha kichwa chake juu ya kichwa cha mwenzake. Lakini katika mchezo huo aliye chini humsikia wa juu anapoyumba, naye husahihisha papo hapo. Chuma hakimsikii mtu, na kikichoka hakisemi. Mei 2014, mjini Providence, Marekani, wasanii wanane waliokuwa wakining'inia kwa nywele walianguka pamoja kwa sababu karabina moja, ile pingu ya chuma inayounganisha kamba na mzigo, ilivunjika. Wachunguzi walibaini kwamba ilikuwa imebebeshwa mzigo kinyume cha maelekezo ya mtengenezaji. Wale hawakuwa wanagenzi. Ustadi wao wote ulitegemea kipande cha chuma kinachoenea kiganjani.

Ndiyo maana nasema ufundi wa kutundika utangulie ufundi wa kucheza. Kenchi za nyumba zetu zimepigwa ili zibebe mabati na zihimili upepo, si mtu anayebembea, ambaye akisimama ghafla huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Tawi la mgrevilea ndilo usilijaribu kabisa. Mti huo hukatika kwa upepo tu. Na anayeanguka kutoka mita tatu hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Kwa hiyo mwalimu makini huanza na pete iliyo usawa wa kifua, godoro nene chini yake, yeye mwenyewe kasimama karibu, mikono tayari. Kabla ya pozi lolote la kupendeza, mwanafunzi hufundishwa kushuka, tena kushuka akiwa amechoka, kwa sababu vidole hulegea mwishoni. Pozi jipya halijaribiwi siku ile pete inapopandishwa.

Najua mtasema hayo ni mambo ya wenye fedha. Karabina yenye cheti ina gharama, kweli, na hapo sioni njia ya mkato: pete iliyochomelewa kienyeji mtaani Unga Limited inaweza kupendeza macho huku kiungo chake hakijapimwa na yeyote. Ila kutundika chini hakuna malipo, wala kumwambia kijana asubiri. Wengine watasema wakongwe walijifunzia mchangani. Walijifunza, nasi tunawaona waliofanikiwa. Aliyevunjika bega aliacha jukwaa, na hatumhesabu. Isitoshe mchanga humpokea anayetua kwa miguu, haumfai anayetangulia kichwa.

Wapo pia wanaohofia kwamba tahadhari itaua ladha ya sanaa. Hoja hii mnaweza kuijibu nyinyi kuliko mimi. Anayepanda mlima wenu wa Meru, mita 4,566, hulala kibanda cha Miriakamba, kisha cha Saddle, akiongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Sijasikia mtu akidai kwamba askari yule ameupunguzia mlima utukufu wake.

Basi mzazi wa Sakina au Ngarenaro atakayeombwa ada ya mafunzo haya aulize kwanza: boriti ilikaguliwa na mhandisi gani? Karabina ilibadilishwa lini? Mwalimu ana ruhusa ya kuahirisha onyesho hata kama mwenye hoteli ameshauza tiketi? Jibu la swali hili la mwisho alitake kwa maandishi.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Montreal