Mayungiyungi Yanayongoja Jua

Mara ya kwanza nilifika Jumanne, nikakuta mlango umefungwa. Siku hiyo huwa ni ya mapumziko. Nikarudi nilikofikia nikiwa nimeloa, maana manyunyu ya Paris mwezi wa Novemba ni ya kukera tu. Kesho yake, saa tatu kamili asubuhi, nilikuwa kwenye foleni ya Orangerie, makumbusho yaliyo pembeni mwa bustani ya Tuileries, karibu kabisa na mto Seine.

Jina hilo litamchekesha mtu wa Muheza. Jengo lilijengwa mwaka 1852 ili michungwa ya bustani ipate pa kujifichia baridi. Kwetu mchungwa husimama juani mwaka mzima bila kubembelezwa. Huko ulijengewa nyumba, tena yenye vioo upande wa kusini, unaotazama mto, usije ukakosa hata kijijua cha kipupwe.

Siku hizi mimea iliyomo ni ya rangi. Mchoraji Claude Monet alichimba bwawa nyumbani kwake Giverny, akaotesha mayungiyungi, akayachora kwa karibu miaka 30. Tarehe 12 Novemba 1918, siku moja baada ya bunduki za Vita vya Kwanza vya Dunia kunyamaza, alimwandikia rafiki yake Clemenceau, waziri mkuu, akiahidi kulizawadia taifa picha zake. Akaendelea kuchora huku mtoto wa jicho akimwibia rangi, hadi akapasuliwa mwaka 1923. Alifariki Desemba 1926. Vyumba vya zawadi yake vilifunguliwa Mei 1927.

Ni vyumba viwili vya umbo la yai, visivyo na kona hata moja. Picha ni 8, kimo karibu mita 2, na ukiziunga zinakaribia mita 100. Mwanga unashuka kutoka juu, kupitia paa la vioo na kitambaa cheupe kinachouchuja.

Asubuhi ile mbingu ilikuwa imefunga, na nakiri nilivunjika moyo: niliona maji yaliyofuliwa kaniki. Nikaketi kwenye benchi la katikati, chumba cha pili, mbele ya picha ya mierebi. Mara wingu likasogea. Pale chini ya matawi nilipodhani ni weusi mtupu ikatokea zambarau, kisha kijani kizito kama mwani, kisha ua moja jeupe likachomoza ambalo ningeapa halikuwapo. Mtoto aliyekuwa akikimbia huku na huko akasimama. Baada ya dakika kama tano wingu likarudi, na ua likazama.

Utamu huo nusura upotee. Miaka ya 1960 walijenga ghorofa juu ya vyumba hivi, wakaziba anga, na mayungiyungi yakaishi kwa taa za umeme kwa miaka ipatayo 40. Ni sawa na kumpakulia mgeni pilau kisha ukamziba pua. Mwaka 2000 jengo likafungwa, ghorofa ikabomolewa, na tangu 2006 jua limerudi.

Nilitoka saa saba mchana, njaa inauma, na picha ya mierebi miwili, ndefu kuliko zote kwa mita zake 17, nilikuwa bado sijaimaliza. Ukienda, epuka Jumanne. Na ukikuta mawingu, usiondoke. Kaa kwenye benchi.