Baiskeli ya Gurudumu Moja

Habari ninayotaka kuwaeleza leo huenda wengine wataicheka. Sikatazi kicheko, kwani mimi mwenyewe nalichekwa sana kabla ya kuijua, na bila kuchekwa nisingejifunza neno lo lote.

Hapa kwetu Miteja, katika nchi ya Kilwa, baiskeli ni punda wetu. Asubuhi huiona ikisukumwa na mtu aliyefunga magunia mawili ya mkaa, au madebe ya samaki, au nazi, na wakati wa mavuno ikibeba ufuta na korosho mpaka barabara kuu iendayo Lindi. Mtu aliye na baiskeli hasemi kwamba ana kitu cha kuchezea. Husema ana kazi.

Basi siku moja mwanafunzi wangu wa darasa la tano alipewa baiskeli ya baba yake apeleke nazi dukani. Njiani akainua gurudumu la mbele, akaenda kwa la nyuma peke yake hatua kama kumi, wenzake wakimshangilia. Hatua ya kumi na moja akaanguka, nazi zikatawanyika, na usukani ukapinda. Baba yake akamleta kwangu amemshika mkono, akaniambia, “Mwalimu, huyu mfundishe adabu.” Nami nalikuwa tayari kumwadhibu, ila likanijia neno nililolisoma zamani kidogo, nikanyamaza.

Nalikuwa nimesoma habari za mtu aitwaye Jack Halpern. Kazi yake ni kutunga kamusi. Alihamia Japani mwaka 1973, akaziandikia kamusi zile herufi za Kijapani zilizo nyingi na ngumu, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1990. Lakini mtu huyo mgeni alikuwa na pendo jingine, nalo ni kupanda baiskeli yenye gurudumu moja tu. Zamani chombo hicho kilikuwa kitu cha watu wa sarakasi, watu wakilipa kiingilio ili watazame na kustaajabu. Yeye hakutaka watu watazame tu, alitaka wapande. Akawavuta Wajapani katika mchezo huo, akawa miongoni mwa walioanzisha shirikisho lake la mataifa yote, na mwaka 1984 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia katika mji wa Syracuse, Marekani. Hata kufika mwaka 1992 mchezo ule ulikuwa umeingia katika mafundisho ya mazoezi ya mwili ya shule za msingi za Japani. Leo huko si ajabu kuona magurudumu hayo yamepangwa penye uwanja wa shule, na watoto, hasa wasichana, wakiyachukua saa ya mapumziko. Wajapani wamekiita chombo hicho kwa neno lao wenyewe, ichirinsha, maana yake chombo cha gurudumu moja.

Basi nikamwuliza yule baba, “Je, ukiniachia mtoto huyu, niifanye ile hila yake kuwa somo?” Akanitazama kama mtu aliyepotewa na akili, akaenda zake.

Nikamwendea fundi wa baiskeli aliye kando ya barabara kuu. Tukanunua fremu kuukuu na gurudumu dogo la baiskeli ya mtoto. Fundi akaikata fremu, akabakiza kiti na pedeli, na gurudumu akaliweka chini yake sawasawa, cheni ikishuka kutoka pedeli mpaka kwenye gurudumu. Hakuna usukani, hakuna breki. Nalimwomba aichomelee friwili isizunguke bure, na hapo ndipo ilipo siri yote. Katika baiskeli ya kawaida ukiacha kukanyaga gurudumu huendelea kwenda, nawe hupumzika. Katika hii mguu na gurudumu ni kitu kimoja: mguu ukisimama gurudumu husimama, mguu ukirudi nyuma gurudumu hurudi nyuma. Mwili ukielekea mbele, huna budi kukanyaga upesi ili gurudumu likufuate chini. Ukielekea nyuma, huna budi kulipunguza. Ni kama mtoto anayesimamisha fimbo juu ya kiganja: fimbo ikilala upande huu, kiganja hukimbilia upande huo huo. Asiyekimbilia, fimbo huanguka.

Sasa nawaambieni kosa langu. Nalileta chombo kile shuleni, nikawakusanya watoto chini ya mkorosho, nikawahutubia habari za Japani karibu nusu saa. Kisha nikasema, “Haya, nani atajaribu?” Hakuna aliyeinuka. Hata yule mvunja nazi alitazama chini. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mtoto mmoja mdogo akauliza kwa heshima, “Mwalimu, wewe waweza?”

Nikakosa jibu. Nalitaka watoto wa watu wapande kitu ambacho mimi mwenyewe naliogopa kukipanda.

Basi jioni ile, mbele yao wote, nikaushika mkorosho, nikapanda, nikauacha mti, na papo hapo nikaanguka kwa makalio. Kicheko chao nadhani kilifika ufukoni. Nikapanda tena, nikaanguka tena. Jioni nyingi zikapita hivyo. Suruali yangu ilipasuka, na goti langu likavimba hata nikafundisha hesabu nimekaa. Lakini jioni ya pili tu watoto watatu walikuwa wamejipanga nyuma yangu wakingoja zamu, na baada ya juma moja naliwafukuza jua likizama, nao hawataki kwenda. Jambo ambalo hotuba yangu haikuliweza, kuanguka kwangu kuliliweza.

Aliyewashinda wote hakuwa yule mvunja nazi, bali msichana mmoja mpole, ambaye darasani sauti yake ilikuwa haisikiki. Siku ya ishirini aliuacha mkorosho, akauzunguka uwanja mzima, mikono ameinyosha kama ndege wa pwani. Siku ile ile ya pili yake akaja bibi yake, aliyemlea.

“Shikamoo, bibi,” nikasema.

“Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mjukuu wangu anapandishwa chombo cha wazungu. Kitamfikisha wapi?”

Nalitaka kumtajia Japani, nikaona si haki. Nikamjibu kweli, “Bibi, hakitamfikisha po pote. Hakibebi hata nazi moja.”

Akaomba akione. Mtoto akapanda, akazunguka. Bibi akatazama kimya, kisha akasema, “Mbona haya si mageni? Mimi nalipokuwa kama yeye nalitoka kisimani na mtungi kichwani, siushiki kwa mkono, na njia yenyewe mchanga. Mwili hujifunza kukaa chini ya mzigo. Huyu yeye ndiye mzigo.” Akacheka, akaketi chini ya mkorosho mpaka jioni. Na tangu siku hiyo hapana mzazi aliyenijia kulalamika.

Nimelifikiri sana neno la bibi yule. Mpira wa miguu nao ulikuwa mgeni katika nchi hizi. Katika karne ya 19 walimu wa misheni waliucheza pamoja na wanafunzi wao katika shule ya Kiungani, Unguja, na leo nani hapa Miteja atakayesema kwamba mpira si wake? Haukuingia kwa hotuba. Uliingia kwa sababu walioleta walicheza, wakafungwa mabao kama wengine, na waliopokea waliona ndani yake mbio na werevu waliokuwa nao tangu zamani.

Sisemi kwamba Miteja itakuwa Japani. Chombo chetu ni kimoja, watoto ni wengi, na juma lililopita ringi imepinda tena. Fundi amesema spoku nne zahitajika, nami sina fedha mpaka mwisho wa mwezi. Tena kwenye mchanga hakifai, hutaka udongo mgumu. Lakini msichana yule sasa huinua mkono darasani. Majibu yake mara nyingine si sahihi, wenzake humcheka, naye hukaa, kisha huinua mkono tena.

Walimu wenzangu, na ninyi wazazi, mara nyingi twataka watoto wapokee jambo jipya, liwe kilimo, au choo safi, au kitabu, nasi twasimama kando tukinyosha kidole. Nawashauri mwanze kwa kulipanda wenyewe mbele ya macho yao, na mkianguka msijifiche. Hata yule baba wa mvunja nazi alikuja Jumamosi, akaniuliza kwa sauti ndogo kama chombo kile chaweza kumchukua mtu mzima. Nikamwambia, “Ushike mkorosho kwanza.”