Nyumba Hii Haiuzwi

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam huchelewi kuyaona maandishi ya rangi nyekundu ukutani au getini: "NYUMBA HII HAIUZWI". Mimi ni dalali wa nyumba, na kila nikiyasoma najua yananihusu. Mwenye mali ameshika brashi kuilinda, maana amesikia ya mtoto aliyeuza nyumba ya mirathi ndugu zake wasijue, na ya kiwanja kimoja kilichouziwa watu watatu. Mara nyingi katikati ya mauzo hayo alikuwepo dalali.

Nilipoanza kazi, nilidhani tangazo ni maneno matamu. Nyumba moja ya Goba niliiandikia "dakika tano kutoka barabara ya lami". Dakika hizo zilikuwa za pikipiki, tena wakati wa kiangazi. Mama mmoja wa makamo akaja kuiona mwezi wa nne, masika yamekolea. Tulishuka bondeni kwa miguu, viatu mkononi. Hakunigombeza. Alisimama chini ya mwembe akaniuliza, "Mwanangu, haya maji hukuyaona ulipokuwa unapiga picha?"

Nilikuwa nimeyaona. Ndiyo maana picha niliipigia upande wa pili.

Tangu siku ile tangazo langu linaanza na yale ambayo mnunuzi angekuja kuyagundua mwenyewe. Naeleza kama kuna hati miliki, leseni ya makazi, au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Naeleza kama muuzaji ndiye mwenye jina kwenye hati, na kama mwenza wake ameridhia, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Barabara naipiga picha mvua ikishanyesha.

Simu zilipungua, na miezi ile nyumbani kwangu ilikuwa migumu. Lakini anayepiga sasa anajua anachokifuata. Hatuzunguki tena nyumba kumi kwa siku tukirudi mikono mitupu. Ile ya Goba niliitangaza upya pamoja na bonde lake. Aliinunua fundi ujenzi. Bei ilimfaa, na kuchimba mtaro hakukumtisha.

Dalali mwenzangu, kabla hujapiga picha ya sebule, omba kwanza kuiona hati, kisha hakikisha imefanyiwa upekuzi ofisi ya ardhi. Mwenye nyumba akikataa, usiitangaze.