Dereva Naye Ana Watu Wake Nyumbani



Sisi vijana tunaokutana hapa Bugolobi, wengi wetu tumetoka Kivu ya Kaskazini. Ile barabara ya Goma kwenda Rutshuru tunaijua vizuri. Wengine tuliipita tukiwa mgongoni mwa mama, wengine kwa miguu mpaka Bunagana, ndipo tukaingia Uganda. Kwa hiyo kila ikifika tarehe 22 Februari tunawakumbuka watu watatu waliouawa huko mwaka 2021, karibu na Kibumba: Luca Attanasio, balozi wa Italia, Vittorio Iacovacci, askari aliyemlinda, na Mustapha Milambo, dereva wa WFP, lile shirika la chakula ambalo wakimbizi wote tunalijua.

Walikuwa wanaenda Rutshuru kuona mradi wa kulisha watoto shuleni. Watu wenye silaha wakayasimamisha magari. Milambo aliuawa palepale. Wale wawili wakapelekwa porini, nao hawakuimaliza siku hiyo.

Attanasio aliandikwa sana, na alistahili. Alikuwa na miaka 43. Aliacha mke, Zakia Seddiki, na mabinti watatu wadogo kabisa. Yeye na mkewe walianzisha pamoja kule Kinshasa shirika la Mama Sofia, kusaidia watoto wa mitaani. Mume aliyekuwa na kazi kubwa hivyo angeweza kusema hana muda. Yeye alifanya na mkewe bega kwa bega, na mama huyo ameendelea na kazi hiyo mpaka baada ya kifo chake.

Lakini Milambo je? Mara nyingi ilisemwa tu, "na dereva wao." Jamani, hilo linatuuma. Kwetu shofere ndiye anayeamka kabla ya wote, anaangalia matairi, anauliza kama njia ni nzuri leo. Watoto wake wanaujua mlio wa gari lake kabla halijakata kona.

Baba wa mwenzetu mmoja hapa alikuwa shofere wa lori. Siku moja hakurudi, na hakuna redio iliyomtaja. Mwenzetu hana hata picha yake. Anachokumbuka ni kwamba baba akirudi usiku alikuwa anazima gari mbali na nyumba, anatembea kwa miguu, ili asimwamshe mtoto mchanga. Na mama alikuwa anamsikia tu, anawasha jiko. Hakuna aliyempa medali, lakini kwetu huyo ni mume na baba wa kweli.

Mwaka 2023 mahakama ya kijeshi Kinshasa iliwahukumu watu sita kifungo cha maisha kwa mauaji ya wale watatu. Hukumu ni kitu, hatukatai. Ila haimrudishi mtu mezani kwake.

Ninyi wafanyakazi wa mashirika, mkija kututembelea, tutajieni na jina la aliyewaleta. Mkaribisheni naye aingie ndani, asibaki garini.

Na ninyi vijana wenzetu: mkiwakumbuka baba zenu, msiishie kwenye namna walivyokufa. Tuandikieni walivyokuwa wanaingia nyumbani, walivyomwita mama, walichobeba mkononi. Wadogo zetu waliozaliwa huku hawakuwaona. Wakitusikia sisi, watawajua.

Tuko pamoja.