Pa, Ku na Mu katika Daftari la Anwani

Anwani ni ahadi. Aitoaye husema: nitafute hapa, utanipata. Mgonjwa ashukaye kutoka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kwenda hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, huulizwa kwanza jina lake, kisha huulizwa atokako. Hutaja wilaya, kata, kijiji na kitongoji, na kila jina limo ndani ya lililolitangulia. Postikodi za Tanzania zina mpango uo huo: zile za mkoa wa Mtwara huanza na 63, na tarakimu zinazofuata hushuka mpaka wilaya na kata. Basi anwani si rundo la herufi, bali ni ngazi, na kila kipawa kina maana yake.

Kompyuta nazo zina anwani. Kwa kanuni iliyotangazwa mwaka 1981, anwani ya intaneti ni biti 32, ziandikwazo kwa namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Jumla yake ni 4,294,967,296. Na kwa kuwa hazikutosha dunia, ukafuata muundo mwingine wa biti 128. Tangu mwaka 1993, kwa utaratibu uitwao CIDR, mkwaju na namba huonyesha ni biti ngapi za mwanzo zinazotaja mtandao. Kwa hiyo 10.20.1.0/24 ni mtandao mzima: biti 24 ni za mtandao, na 8 zilizosalia hugawanywa kwa vifaa vilivyomo.

Anwani hizo ziwekwe vipi katika hifadhidata, yaani daftari la kompyuta? Aghalabu huwekwa kama maneno, kwa kuwa kwa jicho hufanana na maneno. Walakini neno halina mlinzi. Daftari la maneno litaipokea 10.20.1.300, ambayo haiwezi kuwapo. Likiagizwa kupanga, litaitanguliza 10.20.1.10 mbele ya 10.20.1.9, maana hutazama herufi wala halihesabu. Likiulizwa anwani zianzazo na 10.20.1, litaleta pia 10.20.10.4, ambayo ni ya mtandao mwingine kabisa.

Huenda msomaji akadhani kosa hili ni dogo. Na tuseme hospitali fulani ina daftari linaloandika kila kompyuta iliyofungua jalada la mgonjwa. Siri ya mgonjwa imevuja, na mkaguzi anataka kujua ni mashine zipi za maabara, katika mtandao wa 10.20.1.0/24, zilizolifungua jalada usiku ule. Daftari la maneno lamletea mashine ya masijala, 10.20.10.4. Karani wa masijala, aliyelifungua jalada kwa kazi yake halali, huitwa kujieleza mbele ya wakubwa kwa jambo asilolijua. Maji yakimwagika hayazoleki: siri ya mgonjwa haitarudi, na jina la karani limekwisha kutiwa doa. Dhuluma hiyo haikutendwa na mtu mwenye chuki. Imetendwa na daftari lisilotambua tofauti ya mahali na neno.

Dawa yake ilikwisha kupatikana. Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker na wenziwe walianza kuunda hifadhidata ya POSTGRES, na moja ya nia zao ilikuwa kuwezesha aina mpya za data zaidi ya namba na maneno. Mrithi wake, PostgreSQL, katika toleo la 6.4 la mwaka 1998, alipata aina mbili za anwani. Aina ya inet hupokea anwani ya kifaa, pamoja na kipimo cha mtandao wake ikihitajika. Aina ya cidr hupokea mtandao tu: ikipewa 10.20.1.4/24 huikataa, kwa sababu hapo kifaa kimevishwa vazi la mtandao. Zote mbili huikataa 300, na hupanga anwani kwa thamani yake. Ipo pia alama, <<, iulizayo: je, hii imo ndani ya ile? Hifadhidata hii si ngeni Tanzania, maana ndiyo itumiwayo na DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya hukusanyia taarifa za vituo vya afya.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kustaajabia elimu hii, kwani lugha yake imeijua tangu zamani. Edward Steere, aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha sarufi kilichoyapanga majina kwa ngeli, ndiye aliyewaongoza mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hata Masasi, wakaanzisha makazi mapya. Ngeli ni aina: kisu kimeanguka, mtu ameanguka, na asemaye mtu kimeanguka husahihishwa hata na mtoto. Mahali napo pana ngeli tatu. Pa ni mahali dhahiri, ku ni eneo pana, na mu ni ndani. Ndiyo maana hospitalini hapa, hospitalini huku na hospitalini humu si kauli moja. Anwani ya kifaa ni pa, mtandao ni ku, na alama ile iulizayo ni mu.

Hata hivyo, aina haimalizi kazi ya haki. Huonyesha mashine ilipo, wala haimtaji mtu aliyeketi mbele yake; hilo litabaki kuwa kazi ya mkaguzi mwenye subira. Lakini mkaguzi huyo anastahili kupewa daftari lijualo kilichomo na kisichomo. Kabla ya kuuliza nani alitenda, sharti ijulikane kwanza ni wapi palipotendwa.